Chumba cha Mwisho Upande wa Mipopla

Siku ambayo Meerim, binti wa mdogo wangu Sheraly, alikwenda kuandikisha ndoa yake serikalini, mama yetu alikataa kushuka kwenye gari.

"Nendeni tu," alisema. "Mimi nitakaa na maandazi."

"Mama, maandazi hayana miguu," Sheraly alimwambia. "Hayatakimbia."

Mimi sikushangaa. Ofisi ya ndoa ya mji wetu siku hizi iko ndani ya shule yetu ya zamani, iliyogawanywa vyumba vya kupangisha, na mama hakuwahi kukanyaga jengo lile tangu nipate akili. Nilisoma pale tangu nilipokuwa sijui kushika kalamu mpaka nikamaliza, na hakuja kwenye mkutano wa wazazi hata mmoja. Siku niliyopewa zawadi ya kughani mashairi alikuja shangazi. Wenzangu walikuwa wakiniambia, "Zuura, mama yako ni jini, haonekani." Nilicheka nao, lakini nilijua jibu langu: mama ananionea aibu. Jibu hilo nimelibeba hadi leo ninapoitwa bibi.

Meerim alisimama kwenye theluji kando ya mchumba wake, na gauni lake jeupe, meno yakigongana.

"Bibi, usipoingia, na mimi siingii. Nikiganda hapa utaozesha barafu."

Mama akamtazama, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akashuka.

Tulikuwa tumeambiwa kwa simu kwamba ndoa zinaandikishwa katika ofisi ya zamani ya mkuu wa shule. Nikawaambia nifuateni, ni juu, mwisho wa ngazi.

"Juu kulikuwa maabara, dada," Sheraly akasema. "Ofisi ya mkuu ilikuwa hapa chini, karibu na jiko la makaa."

"Maabara ya nani? Mimi nilichapwa fimbo kule juu."

"Wewe ulichapwa kila chumba. Huo si ushahidi."

Sheraly alisoma pale baada yangu, na kila mmoja wetu alikuwa na shule yake kichwani. Nikapanda ngazi peke yangu kumwonyesha kwamba ndiye aliyekosea. Nilipofungua mlango wa mkuu wa shule, nikakuta watoto wasio na viatu wakijifunza karate, wakirusha mateke na kupiga kelele.

"Karibu, mama," kocha aliniambia. "Umeleta mjukuu?"

"Natafuta ofisi ya ndoa."

"Hapa tunapigana kabla ya ndoa. Jaribu kwa daktari wa meno."

Kwa daktari wa meno palikuwa na bwana mmoja amekaa kitini, kinywa wazi. Yeye ndiye aliyeninyooshea kidole kuelekea chini, kwa kuwa hakuweza kusema. Daktari akaongeza, "Nenda palipokuwa maktaba."

"Maktaba ile ya zamani au ile mpya?"

"Kwani zilikuwa mbili?"

Niliteremka nikiwa sijui tena niko upande gani wa jengo. Ukuta umejengwa palipokuwa na ukumbi, na penye ukuta pametobolewa mlango. Nikagongana na Sheraly akihema.

"Bi harusi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Si yuko na wewe?"

"Niko peke yangu, huoni? Na mama?"

Tukatazamana. Ndipo nikasikia sauti ya cherehani kutoka chumba cha mwisho, upande wa ile miti ya mipopla. Chumba hicho sikuhitaji kuelekezwa. Kilikuwa darasa langu. Ndani wanawake walikuwa wakishona sare, vitambaa vimelundikana hadi dirishani, na mama alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya meza ya kupigia pasi. Mkono wake ulikuwa umeegemea ukutani.

"Mama! Tunakutafuta! Umefikaje huku?"

"Kitanda kilikuwa hapa," akasema.

"Kitanda gani? Hapa ni darasani kwangu. Mimi nilikaa pale, dawati la tatu."

"Kabla hujakaa, ulizaliwa."

Nikamwambia mimi nilizaliwa hospitali, cheti kinasema hivyo.

"Cheti kinasema hospitali. Paa la hospitali lilikuwa limeporomoka kwa theluji, wodi ya wazazi ikahamishiwa hapa. Madawati waliyatupa uani." Alisema polepole, kama anayenielekeza dukani. "Mlikuwa wawili. Alitangulia yeye, wa kiume. Ukafuata wewe. Yeye hakufika asubuhi."

Mmoja wa wale wanawake akasimamisha cherehani yake. Mwingine akaendelea kushona, labda hakusikia.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasoma humu! Ningekwambia ili nini, ukae unatazama ukuta badala ya ubao?" Kisha akashusha sauti. "Baba yako alikuja kukuandikisha shule, akarudi akaniambia umepangiwa chumba cha mwisho, upande wa mipopla. Nikamwambia basi, mikutano aende mwingine."

Nilitaka kumwomba radhi, nikaona sijui naomba kwa lipi. Nilitaka pia kumkasirikia. Nilighani mashairi katika chumba kile, nikapiga soga, nikalala juu ya dawati. Ndugu yangu alikuwa amekufa humo humo na mimi nilikuwa nakula mbegu za alizeti.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Meerim, ameshika mkono wa mume wake.

"Tumeshaandikishwa! Ofisi iko palipokuwa jikoni zamani. Msajili alisema akiondoka kula harudi, tukamkamata kocha wa karate awe shahidi. Amesaini peku!"

Sheraly akaanza kucheka. Mama naye akacheka, machozi yakimtoka, na mimi sikujua machozi yale ni ya nani, ya Meerim au ya yule mtoto.

Karamuni nilimvuta Sheraly pembeni nikamuuliza kama alijua. Akasema aliwahi kusikia habari za pacha, akadhani ni za jirani. Nilimuuliza mama jina la yule mtoto. Akaniambia hawakuwahi kumpa, akanisukumia sahani ya nyama.

Wiki iliyofuata aliniambia nimpeleke tena kwenye jengo lile.

"Wale wanawake hawajui kushona matundu ya vifungo," alisema. "Nimewaona."

Sasa huenda kila Alhamisi. Mimi humwacha mlangoni, kisha hukaa garini nikitazama lile dirisha. Nikimuuliza huko ndani anafanya nini, hunijibu, "Nashona, nitafanya nini kingine?" Huenda ni kweli.