Fundo la Kitenge cha Bibi Secilia

Lukozi yote hapakuwa na mtu aliyejua tumbo la mtoto mchanga kama Bibi Secilia. Alikuwa amelea saba, na hakuna tumbo hata moja lililomshinda. Sawa, la Danieli lilimshinda, na la Raheli, na mapacha walimshinda kwa pamoja siku moja. Ila yale matatu yaliyobaki hayakumsumbua hata kidogo, kwa kuwa yalilelewa na dada yake kule Mlalo.

Kwa hiyo mkwewe Jenipher aliporudi kutoka kliniki, Aron wa miezi saba mgongoni na maagizo ya nesi kichwani, Bibi Secilia alimsikiliza kama mtu anayefundishwa kuchota maji. Chakula kipya kimoja kimoja. Siku tatu hicho hicho, ndipo kingine, ili tumbo likichafuka ijulikane nani kalichafua. Jenipher ni mwalimu wa chekechea, bila daftari hawezi hata kupumua. Akafungua jipya, akaandika: Jumatatu, kiazi mviringo.

Kiazi kilitoka shamba la Danieli, baba wa mtoto. Jenipher alikiponda, akamlisha Aron vijiko vitatu, akaenda shule. Bibi akabaki barazani na mjukuu wake, na plamu zilikuwa zimeiva mpaka zinadondoka zenyewe.

Sasa bibi anakula plamu, mtoto anamtazama mdomo. Utafanya nini? Alimkamulia tone moja kwenye kidole. Aron akakunja uso kama aliyeuziwa mbuzi kipofu, halafu akakinyonya kile kidole mpaka kwenye ukucha. Jumanne Bibi alijifungia plamu kabisa kwenye pindo la kitenge, na Jenipher alipopotea tu kwenye kona ya kanisa, fundo likafunguliwa. Jumatano tumbo la Aron lilifunguka kama bomba la kijiji siku maji yanaporudi.

Jenipher akaandika: Kiazi kimekataa.

"Kimekataa vipi?" Danieli aliuliza. "Viazi vyangu vinakwenda mpaka Dar, na hakuna mtu aliyenipigia simu kulalamikia tumbo."

"Vya siku hizi vina dawa nyingi," Bibi alisema, akitazama mlimani.

"Mama, si mbegu ulinipa wewe?"

"Mbegu nilikupa. Dawa sikukupa."

Aron alinyonyeshwa mara kwa mara, akapewa dawa ya kuharisha aliyoagiza nesi, na baada ya siku mbili akatulia. Mama yake hakutulia.

"Sasa namwanzishia boga," alisema. "Lakini akiharisha tena, mama, nampeleka Soni kwa mama yangu. Yeye alikuwa mkunga, atamwangalia mpaka nijue shida ni nini."

Bibi Secilia aliitikia vizuri, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama na kuku. Soni. Mtoto akishazoea Soni atarudi hapa kama mgeni, anasalimia kwa kuonyeshwa. Na yeye Bibi, baraza lile atakaa na nani?

Siku tatu fundo lilikaa tupu. Aron alilitazama, kisha akamtazama bibi yake, kama mteja aliyekuta duka limefungwa. Siku ya nne Bibi akashindwa. Nusu tu, alijiambia. Nusu ya pili ikabaki mkononi, ikaonekana ni dhambi kuitupa. Na mkono ukishajua njia ya kwenye fundo, haurudi nyuma.

Jioni hiyo tumbo la Aron lilikuwa limefunguka tena, mkoba wa mtoto ulikuwa juu ya meza ya jikoni, na Jenipher alikuwa anapanga nepi ndani yake, moja baada ya nyingine. Danieli alikuwa na Aron mapajani na kikombe cha chai mkononi.

"Mama," Jenipher alisema mwishowe, "kuna kitu unampa mtoto nikiwa shule?"

"Mimi? Hata maji."

"Na hilo fundo mbona limelowa?"

Bibi alilifunika kwa kiganja. "Ugoro wangu huu. Nanusa kidogo, kwa ajili ya kichwa."

"Ugoro si ulisema umeuacha?"

"Ninauacha polepole."

Lakini mkono ulikuwa umeshagusa fundo. Aron akaona. Akaacha kuchezea kifungo cha shati la baba yake, akanyoosha shingo, akafumbua mdomo wote, ukabaki wazi unasubiri, kama kifaranga cha ndege kwenye kiota.

Jenipher alimtazama mtoto, akatazama fundo.

"Kumbe mwanangu anakula ugoro."

Danieli alitia uso kwenye kikombe, mabega yakitikisika.

Bibi Secilia alipima mambo mawili hayo, ugoro na lile jingine, akaona lile jingine ni jepesi. "Ni plamu," alisema.

Jenipher akakaa. Akavuta pumzi ndefu, akaingiza mkono mkobani, akaanza kutoa nepi moja moja na kuzirudisha mezani.

"Basi mtoto haumwi," alisema. "Abaki. Ila hicho kitenge, mama, kuanzia kesho kitakaa msumarini mpaka nirudi." Akavuta daftari, akafuta kosa la kiazi. "Leo umempa ngapi, niandike?"

"Moja tu."

Danieli alinyoosha mkono, akavuta pindo la kitenge taratibu, akalifungua juu ya meza. Kokwa nne zikabingirika mpaka kwenye daftari.