Safari ya Makli Niliyoiandika Mwenyewe

Onyesho lile lingeweza kuchezwa sebuleni, kwa taa mbili na kikombe cha chai. Mimi nikaliandika lichezwe Makli, makaburini, mbali na Karachi, siku mbili nzima, watu walale huko huko. Mume wangu Mansur ndiye mwongozaji. Zimal ndiye anayemwigiza msichana wa hadithi. Mimi ndimi mwandishi, na mwandishi akitaka hubaki nyumbani. Nilitaka.

Tamthilia yetu ilikuwa ya mambo ya imani, ikirushwa kila Alhamisi baada ya Isha. Mzee mmoja, kari, msomaji wa Kurani anayeutunzia mtaa mzima amana zake, anaota kwamba Gulrukh, yatima aliyemlea, atamwibia. Ndoto zake hazijawahi kumdanganya. Basi anaacha kabati bila kufuli, anajificha nyuma ya pazia, na msichana anaiba kweli. Makaburini Gulrukh anamuuliza: kama ulijua, mbona hukufunga? Na kama Mungu naye alijua tangu sijazaliwa, kosa langu liko wapi? Jibu la mzee nilikuwa sijaliandika. Kwetu hilo si ajabu. Waigizaji hupewa kurasa zao asubuhi ile ile, na mwisho wa hadithi naujua mimi peke yangu.

Wivu ulinianza kwa neno moja. Waongozaji wa rika la Mansur huwaita waigizaji wasichana "mwanangu". Mwanangu simama hapa, mwanangu inua kidevu. Zimal alikuwa mwanangu kwa vipindi tisa. Kipindi cha kumi akawa Zimal tu. Hakuna aliyegundua ila mimi, niliyekaa nyuma ya kamera na karatasi zangu mapajani. Yule binti ana miaka ishirini na nne na akicheka anatupa kichwa nyuma. Mimi nina arobaini na tatu na hucheka nimeziba mdomo.

Nikaanza kumwadhibu kwa kalamu. Kipindi cha kumi na mbili nikampa Gulrukh homa ya matumbo. Cha kumi na nne nikamkatisha nywele. Akalia vizuri mno, watazamaji wakazidi kumpenda, nami usingizi ukanihama. Ndipo nikaandika Makli. Nilishachoka kushuku. Nilitaka Mansur aanguke na yule binti, nimkamate, yaishe.

Aliposoma kurasa alikunja uso.

"Makli ya nini? Mzee na binti wanaongea tu."

"Onyesho linataka upepo."

"Upepo! Haya, basi twende wote."

"Nina kipandauso."

Kesho yake akanirudia kwenye chai, nikamjibu vile vile. Siku ya safari gari linanguruma chini, watu wameshapakia taa, akapanda tena ngazi za ghorofa zote nne.

"Rafia, vaa viatu twende. Sitaki kwenda bila wewe."

"Unaogopa majini ya makaburini?"

"Usinitanie bwana. Twende."

Nikajisemea, mwongozaji hodari huyu, anajua kupanga onyesho la mume mwaminifu. Nikamfungia mlango taratibu.

Mchana nikampigia Maulana Fakhruddin, ambaye kituo kinamlipa atuangalie tusikosee kwenye dini. Nikamsomea jibu la mzee nililokuwa nimelitunga asubuhi ile: "Nilijua utaiba, lakini kujua kwangu hakukukusukuma."

"Jibu hilo ni la Mungu, binti yangu, si la mzee wako," akasema. "Mungu anajua kweli, na kujua kwake hakumsukumi mtu. Mzee wako hajui, anadhani. Halafu kaenda kutoa kufuli ili dhana yake isije kumuaibisha. Huyo kashasukuma."

"Lakini ndoto zake ni za kweli, Maulana."

"Sawa. Sasa alioneshwa ili afanye nini? Afunge kabati, au akae nyuma ya pazia?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Nilikasirika kweli kweli. Nani alimuuliza habari za pazia?

Mansur alinipigia mara nne siku ile, sikupokea. Siku ya pili akapiga Zimal.

"Dada Rafia, umepona? Samahani kukusumbua. Bwana Mansur kanikaripia mbele ya watu wote, eti kwa nini nacheka. Nimemkosea nini?"

"Muulize mwenyewe," nikamjibu, nikarudi kuwaza. Niliwaza kila kitu, mpaka rangi ya shali ya Zimal. Nikapanga maneno nitakayomwambia Mansur, nitakayowaambia dada zangu, nitakayomwambia mama yake. Yalikuwa maneno mazuri, pengine mazuri kuliko yote niliyopata kuandika.

Mansur alirudi alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Sikumpa hata maji.

"Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Kilichotokea huko."

"Hakikutokea kitu. Nimelala garini na dereva, anakoroma kama jenereta." Akakaa kitandani, akatazama mikono yake. "Lakini nilikuwa nataka, Rafia. Sitakuficha. Mwezi mzima namtamani yule binti na najionea aibu. Ndiyo maana nilikuomba uje. Nilikuomba mara tatu."

Sitajipamba hapa. Kilichonijia kwanza hakikuwa uchungu wala huruma. Ilikuwa furaha ya kupatia.

"Nilijua!" nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kipindi cha kumi."

Miaka kumi na tisa mtu huyu anasoma kurasa zangu na kuniuliza kwa nini fulani kaingia chumba fulani. Nikamwona anahesabu vipindi.

"Makli uliiandika baada ya hapo," akasema.

Nikageukia jagi la maji.

"Basi nijibu moja tu, sikuulizi tena. Ningerudi nimeanguka, ungefurahi?"

Hapana. Neno la kumjibu lilikuwa hilo tu. Hakuna aliyekuwa amenipangia la kusema, si ndoto, si kalamu, na nilimpenda mume wangu, bado nampenda. Lakini nilikumbuka yale maneno yangu mazuri ya siku mbili, ambayo sasa sikuwa na wa kumwambia, nikajikuta nayasikitikia. Mansur alikuwa akinitazama wakati wote huo. Aliona.

"Hapana," nikasema.

Alikuwa ameshafika ngazini.