Usukani wa Baba Martina

Mume wangu Sostenes ameendesha magari tangu kabla hatujaoana, na hajawahi kuendesha jipya hata moja. Malori ya pamba aliyopewa kule Shinyanga yalimfikia yakiwa yameshachoka, mengine lazima uyabembeleze ndiyo yawake. Aliyapenda hivyo hivyo. Lakini kila yalipomlaza njiani, Nzega au Kahama, alirudi nyumbani na wimbo ule ule, kwamba kabla hajafa atakaa kwenye kiti ambacho hajakikalia mtu mwingine, nailoni yake bado ipo. Nilikuwa namcheka. Siku hizi sicheki.

Aliyetuletea haya ni Maige, ingawa si mtu mbaya. Alichimba Nyarugusu miaka mingi akishindia mihogo mikavu, mpaka duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, likatema. Wengine likitema wanaongeza mke, wengine wanajenga Mwanza. Maige aliagiza gari. Wala si la mtumba kama ya watu wote. Alitaka jipya, lile kubwa la safu tatu za viti, liundwe kiwandani huko ng'ambo kwa jina lake. Mama yake, Bi Limi, ana miguu mibovu, na Maige alisema mama yake hatapanda tena pikipiki kwenye makorongo yale maadamu yeye yu hai.

Alitufuata nyumbani kwetu Ngokolo, Shinyanga mjini. Akamwamkia mume wangu shikamoo, maana Sostenes ni mkubwa kwake sana, akamwomba awe dereva wa gari hilo. Litafika baada ya miezi michache, alisema. Sostenes hakuniuliza hata neno. Wiki ile ile aliaga kiwanda cha kuchambua pamba, tukahamia Nyarugusu kwenye ua wa Maige, chumba na sebule. Mimi nikaanza kuwauzia wachimbaji uji na chapati. Mume wangu akawa dereva asiye na gari.

Ile miezi michache ilipita. Wakala aliyeshughulikia oda, Enock, alikuwa Dar es Salaam, na habari zote alituma kwa simu. Kwanza kiwanda kilikosa vifaa vidogo vya umeme. Vilipopatikana, ikawa meli hazina nafasi. Nafasi ilipopatikana, kiwanda kikasimamisha kazi kukagua breki za magari yote ya aina ile. Kila ujumbe wa Enock uliishia kwa maneno yale yale, bosi wangu, mwezi ujao. Maige alitusomea uani kwa sauti kama anasoma risala, na watu wakaitikia wabeja, wabeja, ahsante sana, kana kwamba gari limeshafika.

Mimi nilisubiri mtu akasirike. Hakuna aliyekasirika. Ndipo nilipowajua watu wa machimboni. Kwao kusubiri si aibu. Mtu anakalia shimo kavu mpaka anaota mvi, na kila asubuhi anakuambia wiki hii linatema. Tena wana sheria moja, ya kutoondoka. Duara hutema siku umekwenda kufua, ndivyo wanavyosema, na kila mmoja anaye mwenzake aliyekwenda kumzika mjomba, akarudi akakuta mifuko ya mawe imeshagawanywa. Mgao ni wa waliopo. Hakuna atakayekuwekea chako, hata kama jasho lako ndilo lililochimba.

Sheria hiyo Maige akaihamishia kwenye gari. Alikuwapo mpwa wake, Nasibu, kijana mwenye leseni mpya na mdomo mrefu, aliyekuwa anaupigia hesabu usukani ule. Siku moja walipobishana uani mbele ya watu, Maige alikata shauri.

"Siku gari linaingia hapa, aliyepo ndiye anayegawiwa," alisema. "Mzee Sostenes ukiwepo, ni lako. Usipokuwepo, Nasibu."

Alisema huku anacheka. Mume wangu hakucheka. Tangu siku hiyo hakulala nje ya ua ule isipokuwa mara moja tu, na mara hiyo nilimtoa mimi kwa nguvu.

Alikuwa ameanza kumimina chai pembeni ya kikombe. Akawa anagonga bega kwenye kizingiti cha mlango anaoupita kila siku. Nikasema ni uzee, nikamtania kwamba kalewa bila pombe. Halafu siku moja gulioni alimkatia njia mwendesha bodaboda aliyekuwa anakuja kwa pembeni, mchana kweupe, na yule kijana akamtukana mama yake mzazi mbele yangu. Nikaacha kutania. Niliposikia kuna madaktari wa macho wamekuja Shinyanga kupima watu bure, nilimwambia Maige tunakwenda kumsalimia binti yetu Martina, ambaye ameolewa huko.

Daktari alikuwa mwanamke, Noela jina lake, na alimweleza mume wangu kwa heshima, bila kumficha. Ni presha ya macho. Inaanza kula kuona kwako kwa pembeni, inasogea taratibu kuelekea katikati, wala haiumi.

"Kilicholiwa hakirudi, mzee," alimwambia. "Tunaokoa kilichobaki, na kilichobaki bado kinatosha. Nenda Mwanza wiki hii."

Akampa kichupa cha dawa ya matone ya kuanzia. Nilitoka pale nimefurahi, Mungu anisamehe. Niliona tumewahi.

Hatujafika hata barabarani simu ikalia. Maige huyo, anapiga kelele za furaha, Enock kasema gari limepakiwa melini. Mume wangu akasimama juani na simu sikioni, na nikamwona anavyotabasamu. Nilijua pale pale kwamba Mwanza hatuendi.

"Tutakwenda na hilo hilo gari, Mama Martina," aliniambia. "Wewe utakaa mbele."

Gari lililopakiwa lilikuwa la mteja mwingine. Enock aliomba radhi, mwezi ujao, bosi wangu. Subira huvuta heri, Maige akasema, na mume wangu akaitikia. Mimi nina methali yangu, ngoja ngoja huumiza matumbo, ila kwetu haikuumiza tumbo.

Tuligombana mpaka nikakauka koo. Matone yalipokwisha nilimnunulia mengine Geita, akayaficha chini ya godoro, eti watu watauliza dereva anatia nini machoni. Nilimlilia aende Mwanza. Akanijibu kama mchimbaji, kwamba duara hutema siku umekwenda kufua.

"Macho yako si duara," nilimwambia. "Hayo yakifukiwa hayachimbwi tena."

"Nikiondoka, Nasibu atakaa," alisema. "Basi nitakuwa nimeyaponya ili niangalie nini?"

Nilimchukia siku ile, nawaambia kweli. Nilimchukia yeye, na Maige, na Enock, na hao watu wa kiwandani ninaoamini walikuwa wanakunywa chai yao bila haraka wakati mume wangu anaisha. Nilisema nitakwenda kumwambia Maige. Akanishika mikono, akaniapisha kwa jina la Martina kwamba sitafumbua mdomo. Nikaapa. Mwanamke aliyelala na mtu zaidi ya miaka thelathini anaapa ujinga mwingi.

Basi tukaendelea kusubiri. Kiwanda kilibadilisha toleo, oda ikabidi iandikwe upya. Mvua zilinyesha, zikakata, zikanyesha tena. Mume wangu aliujua ule ua kwa miguu, hatua za kufika bombani, hatua za kufika chooni, na mimi nilikuwa namtangulia nikizungumza kwa sauti ili afuate. Watu walisema mzee na mkewe wanapendana kama vijana. Picha za gari alimwomba Maige amwekee kwenye simu, akawa anaisogeza karibu mpaka inagusa pua. Alisoma kila kitufe cha gari lile. Angeweza kukueleza gizani kila kilipo.

Lilifika mchana, mwishoni mwa masika, wakati tulikuwa tumeacha kulizungumzia. Enock alilileta mwenyewe kutoka Dar. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Kubwa, linang'aa, likinguruma chini chini, na barabara yote ikalifuata mpaka uani. Wachimbaji walitoka mashimoni na vumbi lao. Bi Limi alitolewa nje na kiti chake, akaletewa maji yaliyochanganywa na unga wa mtama, akanyunyizia magurudumu yote manne huku akiwasemesha kwa Kisukuma wazee waliokufa. Wanawake tukapiga vigelegele. Na mimi nilipiga, kwa sababu usipopiga wataona.

Maige akanyanyua ufunguo juu. Nasibu alikuwa amesimama mbali kidogo, amejiegemeza langoni, na nilimwombea kwa Mungu apewe yeye. Sijawahi kumwombea mtu baki hivyo.

"Nilisema aliyepo ndiye anayegawiwa," Maige alisema. "Mzee wangu hajatoka hapa hata kwenda Mwanza kutembea. Mzee, shika."

Watu wakashangilia. Sostenes akanyoosha mkono, na Maige akauweka ufunguo kiganjani. Wakamwinua Bi Limi, wakampandisha viti vya nyuma, wakamfunga mkanda, yeye na mjukuu wake mdogo anayemlea. Ilipangwa wazunguke sokoni, wapite shuleni, warudi. Jumatano hiyo ilikuwa siku ya gulio. Soko limejaa watu, meza za nyanya mpaka barabarani, watoto wametoka shule.

Mume wangu alilizunguka gari kwa kiganja, akiligusa kama mtu anayelipenda, na watu walidhani ni mapenzi tu. Akapanda. Mikono yake haikukosea hata kitufe kimoja. Kiti akakisogeza, kioo akakiweka sawa, mkanda ukalia kwenye kishikizo chake, na gari likawaka. Sijamwona na uso ule tangu siku ya harusi yetu.

Niliapa kufunga mdomo. Miguu sikuiapia. Nikapenya katikati ya watu, nikaenda kusimama mbele ya gari, upande wa taa ya kushoto, karibu kiasi kwamba joto la injini lilinipiga tumboni. Nilimkazia macho mume wangu kupitia kioo kile kipya. Moyoni nilikuwa nasema niangalie, Sostenes, niangalie, nionyeshe kwamba nimekosea. Waliokuwa karibu walicheka, wakadhani nataka kupigwa picha.

Kioo cha mlango kikashuka. Sostenes akatoa kichwa, anatabasamu, akamwita Maige.

"Tusiondoke bila Mama Martina," alisema. "Hebu mwiteni, atakuwa jikoni."

Vigelegele vilikatika upande wangu kwanza, kisha upande wa pili, hadi ikabaki ngurumo ya gari peke yake. Maige alinitazama. Akamtazama yeye. Akanitazama tena, na nikaona anaelewa, na nikaona anaogopa. Alipofungua mdomo alisema polepole sana, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mzee, mama si huyo hapo mbele yako?"

Mume wangu akageuza uso upande wa kulia, kule kwenye ukuta wa matofali ambako hakukuwa na mtu, akautabasamia ukuta ule kwa upole wote alio nao.

"Aa, nimekuona, mke wangu," aliuambia. "Njoo upande, twende."

Nyuma ya gari Bi Limi alikuwa ameanza kupapasa mlango, hajui unafunguliwaje.

"Maige, baba," alisema. "Nishushe."