Maoni Aliyoyaandika Curtis

Noreen Stapleton aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, na kitabu hicho kilimhusu mwanawe. Alikiandika kwenye meza ya jikoni, mjini Portsmouth, Ohio, katika miaka ile ambayo Curtis alikuwa mtu wa kuingia na kutoka. Anaingia kliniki, anatoka. Anaingia jela ya wilaya, anatoka. Anaingia nyumbani kwa mama yake, na akitoka kuna kitu kimetoka naye: mara televisheni, mara mashine ya kukatia nyasi, mara pete ya marehemu bibi yake. Mambo yote yalianzia mgongoni. Aliumia kiwandani angali kijana, daktari akamwandikia vidonge vya maumivu, na vidonge vikamla kama mchwa wanavyokula boriti. Kwa nje nyumba unaiona imesimama.

Wachapishaji hawakukitaka kitabu. Wachache waliojisumbua kujibu walisema habari za aina hiyo zimeshakuwa nyingi. Basi Noreen akafanya kama wafanyavyo wengi, akajichapishia mwenyewe kwenye lile duka kubwa la mtandaoni ambalo watu wa Portsmouth hununulia kila kitu, kuanzia soksi hadi chakula cha mbwa. Kuchapisha hakukumshinda. Kusomwa ndiko kulikokuwa kazi. Kitabu kisicho na maoni ya wasomaji chini yake ni kama mgahawa usio na hata gari moja nje. Watu wanautazama, wanapita.

Maoni ya kwanza yalitoka kwa muuguzi wa Kansas, aliyesema alilia. Ya pili yalitoka kwa mtu aliyetoa nyota mbili kwa sababu bahasha ilifika imelowa. Ya tatu Noreen aliyakuta asubuhi moja akinywa kahawa, na kikombe kikabaki mkononi mwake mpaka kikapoa.

Yalianza hivi: "Mimi ndiye Curtis wa kwenye kitabu hiki. Yote aliyoyasema mama ni kweli, isipokuwa ile mashine ya nyasi, niliiuza kwa bei nzuri kuliko alivyoandika." Kisha ilifuata sentensi moja ndefu, isiyo na mkato wala pumziko, kuhusu zile asubuhi alizokuwa amejifungia bafuni akitapika, na mama yake yuko upande wa pili wa mlango. Mwishoni nyota tano.

Alimpigia simu. Wakati huo Curtis alikuwa amekaa safi, bila vidonge, tangu kiangazi, anafanya kazi kwenye gereji ya matairi, anaishi juu ya duka la viatu lililofungwa.

"Umeandika," Noreen alisema.

"Nimeandika nini?"

"Curtis."

"Nimekupa nyota tano, mama, usinisumbue. Nilitaka kukupa nne."

"Na ya tano ya nini?"

"Ya maharage yako."

Noreen alicheka, kisha akaacha kucheka. Masharti ya lile duka alikuwa ameyasoma kabla ya kuyakubali, tofauti na watu wengi. Ndugu wa mwandishi hawaruhusiwi kutoa maoni. Marafiki wa karibu vilevile. "Hairuhusiwi, mwanangu. Wakiona watayaondoa."

"Waache waondoe. Umeshasoma, au siyo?"

Hawakuona. Maoni yalikaa pale, na wasomaji wengine wakawa wanayabonyezea kuwa yamewasaidia. Mwezi wa Februari vidonge vilimrudia: Curtis alikutwa amekufa ndani ya gari nje ya kituo cha mafuta, injini inanguruma, na simu yake imeshaibwa. Noreen alimzika, akarudi nyumbani. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hata ya kuosha uso, alikuwa akifungua ukurasa ule na kuyasoma maneno ya mwanawe. Kitabu kizima cha kurasa mia tatu kilikuwa maneno ya mama juu ya mtoto. Ya mtoto mwenyewe yalikuwa yale tu.

Mtu pekee aliyejua tabia hiyo ni Glenda, wifi yake. Kaka yake Glenda ndiye aliyekuwa mume wa Noreen, akamwacha zamani, akahamia Florida na mwanamke wa mapokezi kwa daktari wa meno. Glenda hakwenda na upande wa kaka yake. "Ndoa yenu imevunjika," alimwambia Noreen siku ile, "ila mimi sikuwa nimeolewa na yeye. Mimi na wewe bado." Kila Jumatano alikuja kula maharage na mkate wa mahindi, akiwa na mfuko wake wa vitambaa, kwa maana alikuwa fundi wa kushona mifarishi, yale mablanketi ya vipande vya vitambaa, na mifarishi yake ilifunika vitanda vya nusu ya mji.

Glenda alitaka kitabu kisomwe. Alisema Curtis hakufa ili awe siri ya wanawake wawili. Noreen akamweleza kwamba kuna majarida ya barua pepe yanayotangaza vitabu kwa maelfu ya wasomaji, ila hayapokei kitabu chenye maoni machache, na chake kimekwama hapohapo.

"Kumbe ni maoni tu?" Glenda alisema. "Sisi kanisani hatukosi maoni. Tunakosa unyamavu."

Jumapili iliyofuata, kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada, Noreen alikuta karatasi imebandikwa ukutani juu ya meza ya keki. Iliandikwa kwa herufi kubwa: kitabu cha Noreen kinatolewa bure; atakayekisoma na kukiwekea nyota tano mtandaoni ataingia kwenye bahati nasibu ya mfarishi mkubwa. Mfarishi wenyewe ulikuwa umetundikwa pembeni, wa buluu na manjano, na watu wanaupapasa. Tangazo lilelile Glenda alikuwa ameliweka pia kwenye ukurasa wa mtandao wa kanisa.

Noreen alimvuta kando, karibu na masinki.

"Wifi, kugawa kitabu bure kunaruhusiwa. Mtu akikipokea, akapenda mwenyewe kuandika, sawa. Lakini huwezi kumdai maoni, wala kumpa kitu akiandika. Hata pipi."

"Nani atajua? Huu ni mfarishi, siyo hongo."

"Umeandika nyota tano, Glenda."

"Ulitaka niandike tatu? Kitabu cha mtoto wetu?"

Noreen alitazama ule ukuta. Mkono wake ungeweza kuifikia karatasi. Mzee mmoja akapita na sahani ya kuku, akasema Glenda alimpa kitabu juzi, amefika sura ya nne na mkewe anamnyang'anya, na Noreen akajikuta anamshukuru. Karatasi aliiacha ilipo. Wiki ile maoni yaliongezeka chini ya kitabu chake kama maji ya mto wa Ohio yanavyopanda wakati wa mvua, kimyakimya, kila ukitazama yamepanda. Mengi yalikuwa ya mstari mmoja. "Kitabu kizuri sana, Mungu akubariki Noreen." Alijua hayafai. Alijua pia kwamba kila alipoyaona moyo ulipata joto, na ilikuwa muda mrefu tangu upate joto la aina yoyote.

Barua pepe ya duka ilifika Alhamisi. Ilisema kwa adabu kwamba wamebaini maoni yaliyotolewa na watu wenye uhusiano na mwandishi au waliopewa kitu. Kwamba maoni yote ya kitabu yameondolewa na hayatarudishwa. Na kwamba likitokea tena, akaunti itafungwa moja kwa moja. Noreen aliisoma amesimama. Kisha akafungua ukurasa.

Jalada lilikuwepo. Bei ilikuwepo. Mahali pa nyota palikuwa peupe, na chini yake mstari mdogo: Kuwa wa kwanza kutoa maoni.

Aliwaandikia. Hakutetea yale ya kanisani. Aliomba ya Curtis tu, yarudishwe au apewe nakala. Jibu lilikuja limetiwa sahihi na mtu anayeitwa Brent, na lilikuwa barua ileile. Akaandika tena, akaeleza kuhusu kituo cha mafuta. Akajibiwa na Alyssa, kwa maneno ya Brent. Mwishowe akapata namba ya simu, akasubiri huku anapigiwa muziki, mpaka akapokewa na mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Marisol. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka ila si mkorofi.

"Mama, aliyeandika alikuwa mwanao?"

"Ndiyo."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

"Basi hayakutakiwa kuwepo tangu mwanzo, mama."

"Najua. Sikatai. Sitaki yarudi kule. Naomba unisomee tu, niandike."

"Sisi tukishafuta hatuonyeshwi tena. Nikikwambia nayaona nitakuwa nakudanganya. Ungeweza kuingia kwa akaunti yake mwenyewe..."

"Simu yake iliibwa. Walimwibia akiwa amekufa. Neno la siri silijui."

"Pole, mama," alisema Marisol, na Noreen alisikia kwamba ametoa pole ya kweli. Kisha ikabidi amuulize, kwa kuwa huulizwa kila mteja, kama kuna jingine la kumsaidia.

Nakala hakuwa nayo. Nani ananakili kitu ambacho kila asubuhi kipo palepale?

Jumatano Glenda alikuja na mfuko wake kama kawaida, akakuta jiko limepoa. Noreen alikuwa amekaa bila taa ingawa nje mawingu yalikuwa mazito.

"Mfarishi ameupata nani?" Noreen aliuliza.

"Mke wa mchungaji. Watu wananuna, wanasema imepangwa." Glenda alivua koti, kisha akamtazama vizuri. "Kuna nini?"

Noreen alimgeuzia kompyuta. Glenda alisoma polepole, midomo ikimcheza. Alipofika pale peupe alishuka chini kwa kidole, akapanda, akashuka tena.

"Na ya Curtis?"

"Na ya Curtis."

Glenda aliketi.

"Nilikwambia," Noreen alisema. "Pale kwenye masinki nilikwambia."

"Uliniambia." Sauti ya Glenda ilikuwa ndogo. "Halafu ukanyamaza, wifi. Wiki nzima. Ungeng'oa ile karatasi nisingesema neno."

Hilo lilikuwa kweli. Noreen aliinuka, akaleta karatasi na kalamu, akaviweka mezani katikati yao. Mwanzo wa maneno ya Curtis waliupata bila taabu, hata mashine ya nyasi. Ile sentensi ndefu ndiyo iliyowashinda.

"'Nilikuwa ndani natapika na mama amekaa nje ya mlango,'" Noreen aliandika huku akitamka.

"Hakusema amekaa. Alisema anangoja."

"Alisema amekaa, Glenda. Nimeisoma kila siku."

"Na mimi nimeisoma. 'Anangoja.' Nakumbuka kwa sababu niliwaza, anangoja nini?"

Wakaendelea hivyo. Noreen akaandika, akafuta, akaandika, mpaka sentensi ikasimama. Aliisoma kwa sauti. Ilikuwa na mama mlangoni, na maji ya bomba, na mwanga unaopita chini ya mlango, na ilimalizika mahali panapoumiza.

Glenda alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la mkono wa sweta yake. "Imekaa vizuri mno," alisema hatimaye.

"Maana yake nini?"

"Curtis hakuwa akiandika hivyo. Huyo ni wewe. Mwanga chini ya mlango umo kwenye kitabu chako, sura ya bafuni. Wewe ndiye uliyeuona, wifi. Yeye alikuwa ndani."

Noreen aliitazama karatasi. Alijaribu kuisikia kwa sauti ya Curtis, ile sauti iliyokwaruza kwa sigara, nayo ikaja. Ila ikawa inasema kila alichompa aseme. Angemwandikia amekaa, ingesema amekaa. Angemwandikia anangoja, ingesema hivyo. Miaka yote ile ya kuandika kitabu alikuwa amemzoesha kusema maneno ya mama yake.

Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya jiko la kuni la sebuleni, akarudi kuweka maharage motoni.

Majira ya kuchipua alikiondoa kitabu dukani kwa mkono wake mwenyewe. Muuguzi wa Kansas alimwandikia kuuliza kulikoni, naye hakujibu. Kanisani mambo yalipoa. Mke wa mchungaji alitaka kuurudisha mfarishi, Glenda akakataa kuupokea, na mwishowe ukapelekwa kwenye nyumba ya wazee.

Glenda hajaacha kuja Jumatano. Wanakula, wanazungumza habari za barabara na za bei ya mayai, wakati mwingine wanacheka. Mara mojamoja, katikati ya kula, Glenda huweka kijiko chini na macho yake yakaenda mbali.

"Noreen. Nimekumbuka neno moja."

"Usilitaje," Noreen husema, na kumsogezea mkate.