Hewa kwenye Kamba ya Dobi

Saa mbili asubuhi dobi alikuta kamba yake ina mtu. Mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni yalikuwa yamesukumwa upande mmoja, na upande wa pili Hewa alikuwa akifua moshi wa kiwanda cha kuchoma matairi.

Dobi alimsalimu, kisha akamsema: mashuka ya watu hayasukumwi. Hewa akaomba radhi. Alieleza kwamba amefuata jua na mvuke wa nguo mbichi. Hivyo viwili vikikutana, vibarua wake huzaliwa. Kila mmoja hukamata chembe moja ya moshi, huivunja, na maisha yake huishia hapo, hata sekunde haifiki.

"Sekunde?" dobi alisema. "Hata kuloweka bado, mwenzangu."

Kufua miaka arobaini kulikuwa kumempa dobi kichwa kikubwa kuliko beseni lake. Alimwonyesha Hewa namna ya kusugua kola, ingawa moshi hauna kola. Hewa alisikiliza kwa adabu. Kufikia saa saba alikuwa amemaliza anga la mtaa mzima, na dobi alikuwa bado anahangaika na foronya. Hata hivyo, aliwaambia majirani kwamba wamesaidiana.

Mchana ule mjukuu wake, ambaye kifua kilikuwa kikimbana tangu akiwa ananyonya, alilala bila kukohoa. Dobi alikaa mlangoni kumsikiliza akipumua.

Ndipo meneja wa kiwanda akapita, akatazama juu, akauliza nani kasafisha. Mtu mwenye akili angenyamaza. Dobi alijifuta mikono kwenye kanga.

"Ni mimi na mwenzangu," alisema. "Nyie leteni tu, tutafua."

Meneja alimshukuru sana. Asubuhi iliyofuata kiwanda kilikuwa kimeota bomba la pili la moshi.

Hewa alikuja jua lilipochomoza, akatazama mabomba, akamtazama dobi, akaanza kazi. Jua lilipotua moshi ulikuwa umebaki nusu, na gizani vibarua hawazaliwi. Ndani, mtoto akakohoa.

"Bibi, kwani uliwaambiaje wale?"

"Nilisema walete."

"Ukasema tu hivyo?"

"Na mikono nilijifuta."

Mtoto akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Dobi alimsugua mgongo hadi akatulia. Alfajiri aliyachovya majini mashuka kumi na mawili yaliyokuwa safi tayari, akayaanika yakichuruzika ili jua likute mvuke, akamwachia Hewa upande mkubwa wa kamba.