Laptop Iliyovalishwa Windows

Anatole, mratibu wa shirika letu dogo hapa Baraka, alipewa bajeti ya laptop ya maana. Akaenda Uvira, akarudi na kilaptop kinachoingia kwenye mkoba wa mama anayekwenda kanisani. Tofauti ya bei aliijua yeye na mfuko wake. Ukubwa haukumkera, kilichomkera ni kwamba alipokiwasha alikuta ndani mna Linux.

«Windows iko wapi?» aliniuliza, kana kwamba nimeila mimi.

Mimi ni Immaculée, katibu wake, na pia binamu wa mke wake, maana katika shirika letu kila kazi ina undugu wake. Nilimweleza kwamba Linux ni ya bure na inafanya kazi zote tunazozihitaji. Hapo ndipo alipoidharau kabisa. Kwa Anatole, vitu vya bure ni vya kugawia wakimbizi.

Basi nikaenda na kilaptop hicho kambini, kuandikisha familia zilizokimbia vita na kuteremka kutoka milimani, za upande wa Minembwe na Bibokoboko, zilizokuwa zikilala chini ya majani ya migomba. Anatole alikuwa amekataza daftari, eti mradi wetu ni wa kisasa. Nilipoomba flashi ya kuwekea nakala, alisema bajeti imekwisha. Lakini kilaptop kilinishangaza. Kwa siku saba betri yake ilivumilia tangu asubuhi mpaka ninaporudi nyumbani, na hakikugoma hata mara moja. Nilikipenda, sioni haya kusema.

Niliandika familia mia moja themanini na tatu. Ya mwisho ilikuwa ya Fanny, mjane mwenye mtoto wa wiki tatu. Aliinama akakitazama kioo, ingawa hakujua kusoma.

«Yaya, dada yangu, jina yangu iko ndani?»

«Iko.»

«Basi bâche nitapata?»

«Turubai utapata,» nikamjibu, na nilimaanisha.

Wafadhili walikuwa wanafika Jumanne, na Anatole hakutaka waone mashine isiyofanana na za waratibu wenzake. Kwa hiyo Jumapili, nikiwa kanisani, alikipeleka kilaptop sokoni kwa Eddy, fundi wa simu, kiwekewe Windows ya wizi. Eddy mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

«Patron, hii itafuta vyote,» alikuwa amemwonya. «Ndani muko kitu?»

«Hamuna kitu. Iko liste tu.»

Jumatatu asubuhi nilikiwasha. Kilijivuta muda wa kutosha kuivisha maharage, kisha kikanionyesha picha nzuri ya rangi ya buluu, na zaidi ya hiyo hakuna. Nilitafuta majina kila mahali. Nikalia palepale ofisini kwa hasira.

«Usilie, mama,» Anatole alisema. «Liste tutaandika tena. Mi niko na kichwa.»

«Turudie kambini leo. Tutapata hata nusu.»

«Bageni banafika kesho. Keti, andika.»

Nikaketi. Nakiri kichwa chake ni kikali. Bila kupumzika kilitoa familia mia moja themanini na tatu, hakuna hata moja iliyopungua. Kilianza na mama mkwe wake, ambaye nyumba yake ina mabati mapya na vigae sebuleni. Kikaendelea na shemeji, kwaya nzima ya kanisa lake, na wazee wawili tuliowazika mwaka jana. Mimi niliandika. Nilijiambia kwamba katibu kazi yake ni kuandika.

Jumanne wageni walikunywa Fanta mbilimbili kabla kilaptop hakijafunguka. Anatole akatumia nafasi hiyo kuwaeleza jinsi tunavyofanya kazi kisasa. Kisha maturubai yakaanza kugawiwa. Wakimbizi waliketi chini, mvua ikianza kunyunyiza, wakisikiliza majina ya watu wasiowajua. Walioitwa walifika kwa pikipiki kutoka mjini.

Fanny alikuja mpaka niliposimama, mtoto mgongoni.

«Yaya, jina yangu bado?»

«Iko machine,» nilimwambia. «Banauzaka ya bei ya chini, inapoteza majina.»

Aliitikia kwa kichwa. Aliniamini.

Wakafika namba tisa. Anatole alikuwa ameitaja kati ya shemeji yake na kinyozi wake, nami niliichapa bila kuuliza neno. Wakaita: Immaculée. Nikapita mbele ya Fanny, nikatia sahihi, nikachukua turubai.