Barua Iliyoandikiwa Sanguan

Barua ilifika Jumanne asubuhi, Urai akiwa anaanika nguo. Tarishi aliipitisha juu ya ukuta bila kushuka kwenye pikipiki yake.

"Ya mzee hii, shangazi," alisema, na sauti yake ikapungua ghafla. Mtaa wote wa pale Bang Phlat ulijua kwamba Sanguan kinyozi, mume wa Urai, alikuwa amefariki, mwaka wa pili sasa.

"Wewe nipe tu. Ya kwake ni ya kwangu."

Bahasha ilikuwa na muhuri wa kliniki ya wanyama ya Ratchaburi, mji ambamo Urai hakuwa na jamaa wala rafiki. Aliisoma amesimama, shati bichi begani. *Kwa Bwana Sanguan. Tunaye mbwa jike wa rangi ya manjano, umri wake yapata miaka tisa. Ana chipu chini ya ngozi, na namba yake imeandikishwa kwa jina lako. Tumepiga simu yako mara nyingi haipatikani. Ikiwa bado unamtafuta, tafadhali tujulishe.*

Akaisoma tena. Kisha akakaa palepale juu ya beseni lililopinduliwa, akaanza kucheka peke yake, na kabla hajajua kinachomchekesha, machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Khanun," alisema. "Mbwa mjinga wewe. Umechelewa."

Khanun maana yake fenesi. Sanguan ndiye aliyempa jina hilo, siku aliyomwokota akiwa kitoto chini ya mkokoteni wa muuza mafenesi, manjano tupu kama tunda lenyewe. Siku hizo Sanguan alikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, barazani, na mbwa akajifanyia makao chini ya kiti hicho. Nywele za wateja zilimwangukia mchana kutwa. Jioni akiinuka anakuwa na mgongo mweusi, na akijikung'uta nyumba nzima inapiga chafya. Wateja walikuwa hawaishi kumtania Sanguan.

"Kinyozi, huyo naye zamu yake lini?"

"Huyo amekuja kufuga, si kunyoa," Sanguan alikuwa akijibu.

Hakumwita kwa jina hata siku moja. Alikuwa akiufungua na kuufunga mkasi wake hewani, chaka-chaka-chaka, na mbwa popote alipo, hata kama yuko mtaa wa pili anagombana na kuku, alikuja mbio.

Halafu ikaja ile Jumapili ambayo watu wa wilaya walipiga kambi kwenye uwanja wa hekalu, wakachanja mbwa na kuwatia chipu bure. Sanguan alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kutokea, akaondoka na mbwa wake kama mtu anayekwenda kuandikisha mtoto darasa la kwanza. Alirudi na karatasi yenye namba ndefu, akaibandika ukutani karibu na kioo cha wateja.

"Hiyo ndiyo nini?" Urai aliuliza.

"Kitambulisho cha Khanun. Wamempiga sindano hapa mabegani, wakaingiza kitu kama punje ya mchele. Akipotea, watu wanajua ni wetu."

Urai aliacha kutwanga pilipili. "Yaani akipotea, punje ya mchele itakupigia simu?"

"Haipigi simu. Haijui hata mbwa yuko wapi. Inakaa tu mle ndani mpaka mtu aje na mashine ya kuisomea."

"Na asipotokea mtu?"

"Atatokea."

"Makubwa! Kitambulisho changu mimi kimeisha muda tangu mwaka juzi hushughuliki, mbwa ndiye anaandikishwa serikalini."

Sanguan alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake alimpeleka ofisini kubadilisha kitambulisho, na wakarudi kwa miguu wakila ndizi za kukaanga, mbwa akiwafuata. Mara nyingi baadaye, Urai akiwa peke yake jikoni, siku hiyo ilimrudia bila kuitwa.

Mwaka wa mafuriko makubwa, maji yalipanda kwa siku nne. Siku ya tano lori la wanajeshi lilikuja kuchukua watu, likiwa limejaa pomoni, na yule askari aliyekuwa mlangoni akatikisa kichwa alipomwona Khanun. Watu kwanza. Sanguan akarudi ndani maji yakiwa kifuani, akampandisha mbwa kwenye roshani ya juu, akamwachia sufuria la wali na ndoo ya maji. Urai alimsikia akisema naye kule juu kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa.

"Nakuja kesho. Umesikia? Kesho."

Kesho hiyo hakupata mtumbwi, wala keshokutwa. Alipofika siku ya tatu, roshani ilikuwa tupu, na sufuria limelambwa likang'aa. Majirani waliobaki walisema walipita vijana wa kujitolea na mashua, wakichukua mbwa juu ya mapaa nyumba hadi nyumba. Waliwapeleka wapi? Hakuna aliyejua. Simu ya Sanguan ilizama siku hiyohiyo ikiwa mfukoni mwake, na namba ikapotelea humohumo.

Maji yalipokauka, kila Jumapili Sanguan alifunga baraza, akapanda basi kwenda kwenye kambi za mbwa, mahekalu, popote aliposikia. Kwenye kambi moja mbwa walikuwa maelfu na mashine ya kusomea chipu moja, nayo imeharibika. Akawa anapita banda kwa banda akiliza mkasi wake, na mbwa wa watu wengine wakimtazama. Binti yao aliwasihi wahamie kwake Nonthaburi, nyumba kavu, yenye ghorofa. Sanguan alikataa kata kata. Urai alidhani ni ukaidi wa uzee. Moyo wa Sanguan ulisimama asubuhi moja akiwa anamnyoa mwalimu wa hesabu, nusu ya kichwa imekwisha, nusu bado.

Na sasa barua hii.

Urai alitoka kesho yake kwa basi la kwanza. Alikuwa ameshafika getini alipogeuka, akarudi ndani, akafungua mtoto wa meza na kuutia mkasi wa Sanguan kwenye mkoba, ameufunga kwa leso.

Kliniki ilikuwa chumba kimoja na nusu karibu na soko. Daktari Orawan, msichana mwembamba mwenye miwani, alimpokea kwa mikono miwili. Kando, kwenye benchi, alikaa mwanamume wa makamo mwenye aproni yenye harufu ya supu. Aliinuka, akainamisha kichwa.

"Mimi ndiye ninayekaa na mbwa, dada. Naitwa Thawin. Nauza tambi pale kivukoni."

"Umempata wapi?"

"Dereva mmoja wa lori aliniachia, mwaka ule wa maji. Alikuwa mifupa mitupu. Nikamwita Bua, yungiyungi, kwa vile ametoka majini." Alijifuta mikono ambayo haikuwa imelowa. "Mwezi uliopita akaugua kizazi. Nilikuwa sijawahi kumleta kwa daktari."

"Mimi kila mnyama nampitishia mashine mabegani siku ya kwanza," daktari alisema. "Wengi hawana kitu. Huyu ikalia."

"Nikadhani imeharibika," Thawin alisema. "Chipu si mambo ya mbwa wa matajiri? Daktari ananiambia, 'Mjomba, mbwa huyu ana wenyewe.' Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, waandikie. Halafu nikaenda kukaa mtoni, nikajuta mpaka jioni. Nisikufiche, dada. Kila siku nilikuwa naomba barua irudi imeandikwa *hawapatikani*."

Urai alimtazama yule mtu, na chuki aliyoibeba tangu Bang Phlat, kwa yeyote aliyekaa na mbwa wao miaka yote hiyo, haikupata pa kukaa.

Khanun alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya pazia, tumbo limefungwa bendeji. Pua ilikuwa imeingia mvi. Alimtazama Urai kidogo, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni, akarudisha kichwa chini.

"Hanijui," Urai alisema.

"Nimempasua jana tu, dawa bado zinamlevya," daktari alimtuliza.

Urai akaufungua mkoba, akaikunjua leso. Mara ya kwanza mkasi uligoma. Mara ya pili ukalia. Chaka-chaka-chaka.

Masikio ya Khanun yalisimama. Aliinuka kwa miguu yote minne, bendeji na yote, mkia ukaanza kupiga ukuta. Akampita Urai. Akaenda mpaka mlangoni, akatazama nje barabarani, kulia, kushoto, akingoja. Alingoja muda mrefu. Kisha akageuka, akarudi taratibu, akamnusa Urai viatu, gauni, viganja, na mwisho akaegemeza kichwa chake chote kwenye goti lake.

"Hayupo, mama," Urai alimwambia, akimshika masikio. "Mimi nipo."

Nyuma yake Thawin alitoka nje kimyakimya.

Mshono ulihitaji siku kumi. Urai alirudi nyumbani peke yake, na siku zote kumi alibishana na nafsi yake kwamba mbwa ni mzee, kwamba ameshazoea mto na supu, kwamba yule mtu hana mwingine. Siku ya kumi na moja akaenda kumchukua. Sanguan alikuwa amesema *kesho*, na hilo lilibaki deni la nyumba. Thawin alikuwa amemwogesha mbwa na kukunja mkeka wake vizuri.

"Njoo Jumapili," Urai alimwambia. "Njoo na supu yako, maana mimi nikipika hatakula."

Wiki iliyofuata alikwenda ofisi ya wilaya kubadilisha jina. Karani, kijana wa sauti ya upole, alifungua kompyuta.

"Mwenye mbwa inabidi aje mwenyewe, shangazi."

"Hawezi. Amefariki."

"Samahani sana." Akasogeza uso karibu na kioo. "Alikuja hapa baada ya mafuriko, naona. Kuna maelezo. Nikusomee?"

"Soma."

"*Amepotea kwenye maji. Bado natafuta. Simu sina. Akipatikana andikeni barua kwa anwani hii hii, hatuhami.*"

Urai alimwomba asome tena, na karani akasoma tena, polepole. Kisha akaandika jina la Urai na namba yake ya simu, akamwomba ahakikishe kila tarakimu, na Urai akazihakiki mara tatu.

Jumapili Thawin alishuka kwenye basi la saa nne akiwa na chungu cha supu kimefungwa kwa kamba. Walikula barazani. Alitaka kujua Sanguan alikuwa mtu wa namna gani, na Urai akaanzia mbali, kwenye mafenesi. Khanun alijilaza katikati yao. Thawin alipoteleza ulimi na kusema "Bua", mbwa akainua kichwa. Urai aliposema "Khanun", akainua tena, na kila alipoinua alitazama kwanza mkononi mwa aliyemwita kama kuna mfupa.